Neno Lililotoka Shikomeni

Jumanne, baada ya chakula

Kumbe ni Lukas. Lukas huyu huyu ambaye mwaka mzima, kiangazi na masika, tunaota naye moto wa shikome, kikao chetu cha jioni, nyuma ya nyumba yangu.

Pale ndipo nilipomwambia, yeye peke yake, kwamba nimeomba kazi kwenye kiwanda kipya cha minofu ya samaki, maana hiki chetu cha pamba kinauzwa. Tangu enzi za wazee wetu, neno la shikomeni halivuki ua.

Leo meneja kaniita. "Masanja, Lukas kaniambia unatuhama. Basi kwenye kupunguza watu tunaanza na wewe, yeye atabaki."

Na kule kwa samaki bado sijajibiwa.

Jioni akaja na kigoda chake, kama kawaida, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, kaka! Viazi vimeiva?"

Nilitaka kumfukuza, ila mtu hafukuzwi motoni. Nikampa kiazi.

"Mbona kimya leo?"

"Meneja amekusifu sana," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. Hakuuliza kasifiwa kwa lipi.

Nimesali Baba Yetu mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo nimekwama. Mungu anajua.