Bakuli la Mama Siwema

Neema mjukuu wangu,

Sie huku Manzese wazima, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama nimeweka akiba, maana mitaa imekuwa kimya mno. Nimeweka mchele, unga na chumvi, vyote chini ya kitanda.

Nilipokuwa msichana, enzi za uhaba, mama alificha vitu hivyohivyo. Siku moja jirani yetu, Mama Siwema, alipiga hodi. Nilimchungulia kwenye tundu la mlango, ana bakuli mkononi. Mama akatuashiria tunyamaze. Hodi tatu, hatukuitika. Akaondoka, hatukumwona tena.

Juzi mchana nilisikia hodi, sauti ileile. Nikaitika, "Karibu!" Nikafungua, hapakuwa na mtu. Nikaacha bakuli la chumvi mlangoni.

Jana nililikuta tupu, limeoshwa. Leo naweka mchele.

Bibi yako