Mawe Usiyasugue

Mjukuu wangu Saumu,

Marahaba. Sisi hapa Likoni hatujambo, na mamako anakusalimu sana. Umeniuliza ununue chujio gani la tangi lako la samaki wa baharini, na maji yaende vipi.

Kabla ya uhuru, babu yako alituletea samaki wa rangirangi pamoja na mawe yao kutoka miambani, mimi karai langu na mke mwenzangu Mwanakombo lake, kwani hakuwa akimpa huyu akamnyima yule. Mawe yangu niliyasugua kwa kumbi la nazi na jivu mpaka yakang'aa. Samaki wakafa. Wa Mwanakombo wakanenepa, na babu yako, hata siku za zamu yangu, akawa anakwenda kuwatazama. Roho iliniuma, wallahi.

Nikaenda kuchungulia. Mawe yake yalikuwa bado na utelezi wa baharini, na kila akipita huchota maji kwa kata, akayamwaga tena kutoka juu ili yasilale.

Kumbe utelezi ule ndio unaokula uchafu wa maji; basi chujio lako ni mawe yasiyosuguliwa, pamoja na pampu ya kuyatembeza maji huku na huku. La dukani lije baadaye.

Mwanakombo ametangulia, Mungu amrehemu. Lakini samaki wako wakizaa, usimpe hata mmoja jina lake.

Ni mimi bibi yako, mke mkubwa.