Inchi Nne za Diwani

Basi dada, simu ilikata nilipofika penyewe. Ngoja nimalizie kwa karatasi, yenyewe haiishi chaji. Shikamoo kwanza, nisionekane sina adabu. Goti lako linaendeleaje? Mjukuu ameota meno? Sisi wazima, cherehani yangu tu ndiyo inakohoa.

Nilikuwa nakwambia diwani wetu kaanguka kwenye uchaguzi. Yule yule mama aliyehangaika miaka minne mpaka wodi ya wazazi ikajengwa, ile mwanao alikojifungulia, tena kitandani, siyo sakafuni kama sisi. Unadhani kwenye kampeni kuna aliyeitaja wodi? Thubutu! Kinyozi jirani yangu alisimama mbele ya umati akamuuliza, wewe mjane, tumbo hilo umelitoa wapi. Watu hoi kwa kicheko. Mama akajaribu kueleza habari za gari la wagonjwa, wakamwambia ageuke kwanza wamwone kwa ubavuni. Na mimi nilicheka, dada.

Mpinzani wake alisema maneno matano, akashangiliwa. Huyo suruali zake nampanulia mimi kila mwaka, mpaka hakuna tena pa kupanua. Hakuna aliyemwambia ageuke.

Sasa hili usimwambie mtu. Mama wa watu alikuja nimpanulie gauni la kampeni, inchi nne kiunoni. Akaninong'oneza ni uvimbe, anasubiri uchaguzi upite akapasuliwe. Fundi anapima, anafunga mdomo, ndiyo kazi yetu. Na uvimbe niliuficha, haki ya Mungu! Kilichonitoka ni zile inchi nne, nikimpima mke wa kinyozi, kunogesha maongezi tu. Kufika jioni zimeshakuwa mimba ya miezi mitano. Ningesimama pale mkutanoni nikasema ukweli, lakini wangejua aliyeanzisha ni nani. Nikakaa. Nikacheka na wenzangu.

Nisalimie shemeji, na mwanao mwambie alee vizuri, nitakuja nikipata...

Ngoja, mwenzangu wa cherehani ya pili ananiita. Anasema mama diwani yuko mlangoni, kesho analazwa, anataka gauni pana la kwenda nalo hospitali. Mama amemkatalia mwenzangu asimpime. Anasema mwili wake haupimwi na mtu mwingine, ila mimi.