Nilimwita Binti Yangu Mpasuaji

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana mdomo wangu umeniponza. Mimi ni seremala wa miaka sitini na minne, na binti yangu wa kwanza alisomea udaktari miaka sita, akaongeza minne ya kutia wagonjwa usingizi, kisha miwili mingine ya watoto wadogo tu, na mimi badala ya kushukuru, kila mteja akiniuliza kazi yake nasema ni mpasuaji, kwa sababu siku ya kwanza niliposema daktari wa usingizi watu walicheka, wakasema, "Kazi hiyo hata sisi tunaiweza!" Mwezi uliopita mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa miezi saba, alipasuliwa ngiri, na jirani akaja karakanani, binti yangu naye yupo amekuja kunisalimia, jirani akasema mbele za watu, "Fundi, mbona ulitudanganya? Binti yako huyu ndiye aliyempokea mtoto mikononi mwangu, akamwimbia mpaka akalala, na mpasuaji mwenyewe katuambia bila yeye kazi haianzi." Kifua kilinijaa fahari, lakini binti yangu akaniuliza taratibu, "Baba, kumbe unaionea haya kazi yangu?" nikajifanya natafuta misumari. Tangu siku hiyo akipiga simu anaongea na mama yake tu. Nifanyeje?

Fundi mwenye majuto

Fundi, pole, ingawa umejitakia. Dawa ya usingizi ya mtoto wa kilo saba hupimwa kwa uzito wake, na ikizidi kidogo tu, pumzi inakatika. Mpasuaji akiinamia kidonda, binti yako ndiye anayelinda uhai, pumzi kwa pumzi, mpaka mtoto alie tena. Wewe unayejua upana wa unywele unavyoharibu mlango, ulishindwaje kuelewa hilo?

Najua unampenda. Basi usimtume mama yake. Nenda mwenyewe hospitalini, msubiri amalize zamu, umwambie, "Mwanangu, nisamehe." Habari za waliocheka ziache, huko ni kujitetea. Mwombe akusimulie kazi yake tangu mtoto anapoingia mpaka anapoamka, nawe funga mdomo, usikilize. Ukirudi karakanani, waite wateja wako uliowadanganya, uwaambie kwa sauti inayovuka barabara: "Binti yangu ni daktari wa usingizi wa watoto." Lizoee jina hilo, baba. Amelitolea jasho miaka kumi na miwili.