Jina Nililompa Abdulswamadu

Mbuchi, Kibiti

Kwa kaka yangu Tamimu,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute una nafuu na mguu umeanza kukanyaga. Wifi Kudra na watoto wape salamu zangu. Ukitaka kujua hali yetu, mimi ni mzima wa mwili, mimba imefika mwezi wa saba, na mama anakula. Zaidi ya hapo sina la kujivunia. Ningekupigia simu, lakini haya mdomo wangu hauwezi kuyatamka. Nimemwomba Muzdalifa, anayekwenda Kibiti, apitie hapo kwako Bungu akukabidhi mkononi.

Wiki ileile uliyoondoka baada ya Idi, mashine ya boti ya Abdulswamadu, yule mnunuzi wa kaa, ilitoweka. Hakupiga kelele. Ungemwona ungedhani kapoteza kandambili. Alipita nyumba kwa nyumba, anaamkia watu kwa adabu, anasema yeye hana ugomvi na mtu, anamwachia Mungu, ila watu wasije wakasema hawakuambiwa. Kaka, afadhali angetutukana! Unajua hapa kwetu mtu akisema anamwachia Mungu maana yake halbadiri, kisomo cha laana, itasomwa, na ikishasomwa mwizi atavimba tumbo au atapata wazimu, na aliyejua akanyamaza naye haponi. Watu walianza kuogopana hata kisimani.

Kwetu alikuja zaidi ya mara moja, kwa sababu Saidy ndiye aliyeifunga ile mashine mara ya mwisho. Alipoombwa aape, mume wangu alisema yeye hali yamini kwa ajili ya chuma. Lilikuwa jibu la kiume, lakini mimi liliniondolea usingizi. Saidy namjua kwa mengi, kaka, ila hilo sikuwa na hakika nalo. Kesho yake akaja Bi Mwajabu, mke wa Abdulswamadu, kunijulia hali. Alinishika tumbo kwa mapenzi kabisa, akasema ananisikitikia, maana kisomo kikiingia nyumba hakichagui, hata kilichomo tumboni huondoka. Kisha akaniachia bakuli la uji wa mchele. Nawe unajua nimeshazika wawili.

Sasa nisikilize, na kama utaichana barua hii, ichane ukishaimaliza. Siku moja kabla ya kisomo nilikwenda barazani kwa Abdulswamadu nikakutaja wewe. Nilisema nilikuona na mashine. Ulikuwa nasi kwa mama siku ile ilipoibwa, tunapura mpunga, na mimi nilijua hivyo wakati nasema. Nilikutaja kwa sababu katika Mbuchi yote wewe ndiye mtu pekee niliyekuwa na hakika naye. Nilijiambia kwamba kisomo kikisomwa kwa jina lako kitakukuta safi, kitakupita, nyumba yangu itasalimika na maneno yataishia hapo. Nilikufanya ngao yangu. Huo ndio ujinga wangu, na sina mwingine wa kumsingizia.

Walisoma Ijumaa baada ya swala. Siku mbili tu baadaye ikafika habari kwamba umeanguka na pikipiki na mguu umevunjika. Basi! Waliokuja kumpa mama pole walikuwa wanatazamana. Abdulswamadu aliitikia kwa kichwa tu, akasema yeye hakumlaani mtu. Mama aliwasikiliza wote, kisha akasema hana radhi nawe, na jina lako lisitajwe tena ndani ya nyumba yake.

Nilimwendea nikampigia magoti nikamwambia kweli yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema dada siku zote humfichia kaka yake, na kama nitaendelea kumtetea mwizi kisomo kitanigeukia mimi na mimba yangu. Maneno yaleyale ya Bi Mwajabu, kaka, yanatoka kwa mama yetu. Kwa Abdulswamadu nako siwezi kurudi, kwa sababu nikikutoa wewe, wanamrudia Saidy. Nimejifunga mwenyewe na sioni pa kutokea.

Usije huku. Vijana wanasema ukishuka tu kwenye boti utakiona cha mtema kuni, na hawatanii. Hata ukisikia mama mgonjwa, usije.

Limebaki moja, nalo ndilo linaloniua. Siku nilipopata habari ya mguu wako nilikaa jikoni moto ukanizimikia. Mimi, niliyeutunga uongo huu kwa kinywa changu, nilijikuta nakumbuka kwamba mchana ule uliacha mpunga ukaenda kuoga, na ulichelewa kurudi. Nikaanza kuhesabu umbali wa kutoka kwa mama mpaka zinapofungwa boti. Najiambia ni wazimu, lakini fikra haitoki. Nikiamka naikuta, nikilala naiacha macho. Kaka, najua sistahili kukuomba kitu. Mpe Muzdalifa karatasi, hata ya mstari mmoja, uniambie kwamba hukuichukua.

Saidy anakusalimu, hajui ninachokuandikia. Nawe nisalimie wote wanaoniulizia hapo Bungu. Mungu akuponye.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Mwamvua