Neno la Mama Nililolimeza

Mjukuu wangu Rehema,

Hili sijamwambia mtu, hata marehemu babu yako. Huku Mkwaja tu wazima. Dada yangu Mwanaidi magoti tu yanamsumbua.

Unauliza, wewe unayesomea samaki, kwa nini mwalimu anakulazimisha kujifunza kuhoji watu. Nilikuwa kidato cha pili, mwingi wa haya, ila kijijini Kiingereza nilikijua mimi tu. Akaja mtaalamu wa samaki, mgeni, kuuliza ni nani wanaoutumia mwamba wetu kabla haujafungwa watu wasivue. Nikawa mkalimani wake. Wanaume walijibu mbele, wanawake walikaa nyuma. Mama akapaza sauti: "Mwambie na sisi tunachokoa pweza pale. Ndio wanaolisha watoto wetu."

"Kaa chini, Mama Mwanaidi! Pweza na uvuvi wapi na wapi?" mmoja wa wanaume akamkatiza. Wenzake wakacheka.

Mtaalamu akaniuliza, "Amesema nini?"

Kile kicheko kilinichoma. Nikamjibu, "Anakusalimu."

Akatabasamu, akampungia mama mkono, akaendelea na wanaume. Mwamba ukafungwa, hata kwa wachokoa pweza. Mama alikufa akiamini kwamba yule mtu alimsikia akampuuza.

Basi usimchukie mwalimu wako. Ukishauliza mbele, nenda na nyuma, na mkalimani wako umtazame usoni.

Nasikia ndara za Mwanaidi zikija mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimbebea mama ndoo ya pweza. Tangu asubuhi naifunika karatasi hii kwa kanga. Sasa naiacha wazi. Kusoma anajua.

Bibi yako