Namba Iliyofunikwa na Mvuke

Mpendwa Wakesho,

Hapa Sagalla tu wazima. Mvua imenyesha na babu yako amekwisha kupanda mbaazi. Umeniuliza niliruhusiwaje kukaa stesheni ya Voi nikitazama treni, ilhali watoto wengine walifukuzwa.

Nilikuwa darasa la sita. Mkuu wa stesheni aliniambia niandike namba za injini zote za Jumamosi moja, naye azilinganishe na daftari lake. Nikikosea, nisirudi tena.

Treni ya Taveta ilipoingia, mvuke ulifunika namba. Binamu yangu Mghoi akaninong'oneza, "Andika ya juzi, wewe! Si injini ni ileile kila siku?"

Nilitamani sana kuruhusiwa kurudi stesheni, lakini niliacha nafasi ya namba hiyo wazi.

Jioni yule mzee, mkuu wa stesheni, alipitisha kidole kwenye ukurasa wangu, akakisimamisha penye nafasi hiyo. "Na hii?"

"Sikuiona, mzee. Mvuke ulikuwa mwingi."

"Leo wameleta injini nyingine," akasema taratibu. Mghoi akaanza kutazama miguu yake.

Mzee akaburuta benchi hadi upande wa pili wa dirisha lake. "Jumamosi keti hapa. Upepo hupeleka mvuke kule."

Akupendaye,
Nyanya Mkamburi